Kapteni Mvuke na Kabichi za Mzee Ndegwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mhariri anakuja Nakuru! Nimesoma tangazo mara tisa kwenye simu. Mara ya tisa nilikuwa nimesimama katikati ya barabara, na mtu wa bodaboda akaniuliza kama nimechoka kuishi. Sijachoka. Ndiyo kwanza naanza.

Tangazo lenyewe: Bi Jepkemei, mhariri wa jarida la katuni huko Nairobi, atakuwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Anatafuta wachoraji wapya. Sharti ni moja tu. Mtu aje na kazi iliyochapishwa kwenye karatasi. Picha za kwenye simu hataki hata kuziona.

Sasa, mimi Ephantus Kamande, umri miaka ishirini na minane, mkaaji wa Lanet, ninaye Kapteni Mvuke. Huyu ni kijana wa Olkaria, kule Naivasha, aliyevuta mvuke wa chini ya ardhi siku arobaini, na sasa anaurusha kwa viganja na kuruka juu ya mbuga ya Hell's Gate akipiga wabaya. Nimekuwa naye tangu kidato cha pili. Dunia haijamwona. Kila nikipita duka la vitabu nasimama dirishani natafuta mahali ambapo kitabu changu kingekaa. Mahali papo. Upande wa kushoto, kati ya Biblia ya watoto na vitabu vya marudio. Nimepapima kwa macho mara nyingi hadi mlinzi ananijua kwa jina. Inaniuma, aki. Inaniuma hapa kwenye mbavu.

Tatizo ni kuchapisha. Nafanya kazi kwenye duka la uchapishaji la Bi Kuluthum, na mimi ndiye naendesha mashine, kwa hiyo mtu angedhani ni rahisi. Nilimwomba kwa adabu zote. Bi Kuluthum akasema mashine yake huchapa kazi za wateja, si wanaume wanaovaa chupi juu ya suruali. Nikarudishwa kwenye kadi za harusi.

Jioni akapita Kibii. Kibii tulisoma darasa moja. Huchora nembo za fulana. Mwaka jana jarida hilo hilo lilimpa nusu ukurasa. Nusu! Na hata haringi, hiyo ndiyo inaudhi. Alisema amekuja mbio kuniambia habari za mhariri, nisije nikapitwa. Nikamjibu kwamba nilikuwa nazo tangu asubuhi. Mtu mbaya kabisa, yule.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu yupo, na anapenda katuni.

Asubuhi aliingia mama mmoja wa Kiamunyi, anaitwa Wamuyu, akitaka programu ya mazishi ya baba yake, Mzee Ndegwa. Mazishi Ijumaa. Nakala mia mbili na hamsini, za rangi, karatasi ya kung'aa. Bi Kuluthum alimpa pole ya kweli. Wamuyu alipotoka kupokea simu, Bi Kuluthum akaniambia tena yale ananiambia kila wiki: kwao Waislamu mtu akifa alfajiri, alasiri ameshazikwa, na hakuna kitabu. Lakini Mungu awabariki Wakristo na programu zao, maana ndizo zinasomesha watoto wake.

Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hivyo programu huenda kwa nne nne. Wamuyu alikuwa na maneno ya kurasa nne: ratiba, nyimbo, historia ya marehemu, shukrani. Lakini kurasa nne kwa mzee wa miaka themanini na mbili ni aibu, majirani watasema. Lazima ziwe nane. Zile nyingine watu hujaza picha. Mzee akiwa kijana, mzee na ng'ombe, mzee akikata keki. Shida ni kwamba Mzee Ndegwa hakupenda kamera. Picha zake ni mbili duniani. Moja ya kitambulisho. Ya pili ni ya harusi ya mpwa wake, na keki imemfunika kuanzia puani kwenda chini.

Wamuyu akaanza kulia. Alisema watu watadhani baba yao hakuwa na maisha.

Mimi nilikuwa naona kurasa nne tupu. Za rangi! Mara mia mbili na hamsini! Nikajisikia nikisema kwamba naweza kumchora mzee, maisha yake yote, kisanduku baada ya kisanduku, bure kabisa, kwa heshima ya marehemu. Wamuyu alinishika mikono akaniita malaika. Bi Kuluthum alinitazama kwa jicho la pembeni. Ananijua.

Jumatano, 6 Agosti

Kiamunyi, kumsikiliza mjane. Nyumba imejaa wanawake wa kanisa. Chai, mandazi manne. Shosho, ndivyo wote wanavyomwita bibi huyo, aliongea saa tatu bila kupumzika, macho makavu kabisa.

Mzee alikuwa dereva wa lori la kabichi, kutoka Mau Narok hadi soko la Nakuru. Kwao shosho kulikuwa kando ya barabara, upande wa Njoro. Kila siku ya soko lori lilisimama, dereva akashuka, akaweka kabichi moja mlangoni, akamtazama, akapanda, akaenda zake. Bila neno. Msimu mzima! Mwishowe mama yake shosho, ambaye alikuwa amechoka kupika kabichi, akamwambia binti yake aolewe na yule mtu, ama amwambie awe anabeba viazi.

Wanawake wa kanisa walicheka mpaka wakafutana machozi. Mimi niliandika yote lakini nilikuwa na wasiwasi. Hakuna adui. Hakuna mlipuko hata mmoja. Nilimuuliza shosho kama lori liliwahi kuwaka moto. Halikuwahi. Nilimuuliza kama mzee alikuwa na nguvu zozote zisizo za kawaida. Akafikiri sana, akasema alikuwa na nguvu za kunyamaza.

Nimechora tangu saa kumi. Kilichonisumbua ni macho. Dereva ameweka kabichi, amemtazama msichana: sasa anamtazama vipi? Nikaegemeza kioo mezani, nikafikiria jina langu kwenye jalada la kitabu, kisha nikachora nilichokiona kwenye kioo. Yalitoka macho ya mtu mwenye njaa anayeona haya kuomba chakula. Yatafaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kurasa tatu zinamtosha mzee. Ya nne ni yangu. Si wizi. Nimemfanyia marehemu hisani.

Ukurasa wenyewe: lori limekwama mlimani Mau, mvua, matope, mzee ameshika kichwa. Ghafla! Kapteni Mvuke anashuka kutoka mawinguni, joho linapepea, analiinua lori kwa mkono mmoja na kabichi zote. Mzee anamtazama kwa upendo na shukrani. Uso wa Kapteni pia nimeutoa kwenye kioo, kwa hivyo ni uso wangu. Kifua nimekikisia.

Bi Kuluthum hukagua kila kazi kabla haijachapwa. Na hii aliikagua. Lakini yeye hukagua majina, kwa sababu mwaka juzi tuliandika mjane kuwa ndiye marehemu na tukarudishiwa mzigo wote. Alifuata majina ya wajukuu kwa kidole, wote kumi na saba, akaridhika, akaenda kuswali adhuhuri. Nikabonyeza.

Wacha niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nakala ya kwanza ilipotoka, bado ina joto, Kapteni na rangi zake zote, nilikaa chini sakafuni. Miaka kumi na tatu nimemngoja. Nilimgusa kwa kidole kimoja tu nisimchafue.

Nakala tano zimeingia kwenye mkoba wangu kwa ajili ya Jumamosi.

Ijumaa, 8 Agosti

Wueh! Niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja.

Nilienda mazishini Kiamunyi kuona watu wakisoma. Msanii yeyote angeenda. Nikapata mandazi, nikasimama nyuma ya hema. Walipofika kwenye kabichi, kicheko kilianza chini chini, kisha kikapanda. Pasta alifunika mdomo kwa Biblia. Mzee mmoja, zamani utingo wa Mzee Ndegwa, akasimama akasema ndivyo alivyokuwa, ndivyo kabisa, tena zile kabichi zilipokuwa zikipungua mjini, yeye utingo ndiye alikuwa anasingiziwa wizi. Nilifurahi, lakini kidogo tu. Nilikuwa nangoja wafike mwisho.

Wakafika mwisho. Kicheko kikakatika.

Vichwa vikaanza kugeuka. Kimoja, viwili, hema lote. Mdogo wa marehemu, mzee wa kofia na bakora, akasimama akauliza huyu kijana wa ukurasa wa mwisho ni nani. Kwenye programu ya mazishi kila uso ni wa familia. Huyu hayumo kati ya watoto. Hayumo kati ya wajukuu. Na mbona marehemu anamtazama kwa mapenzi hivyo? Na mbona amesimama pale nyuma anakula mandazi?

Hapo kila mtu alielewa, isipokuwa mimi. Kijana asiyejulikana akitokea siku ya mazishi, huyo ni mtoto wa nje, na amekuja kwa sababu ya shamba.

Niliitwa mbele. Niliambiwa nimtaje mama yangu. Nikamtaja. Shangazi mmoja akaruka akasema mwanamke wa jina hilo anamjua, alikuwa anauza kabichi sokoni! Mama yangu ni mwalimu wa chekechea. Nikajaribu kueleza kwamba yule si mimi, ni Kapteni, anatoka Olkaria. Ikawa mbaya zaidi. Mdogo wa marehemu akapiga bakora chini akasema kumbe kuna boma lingine upande wa Naivasha. Mtu mwingine, fundi wa nguo ambaye aliwahi kushinda kesi na sasa ndiye wakili wa ukoo, akanishauri kwa upole kwamba hata nikipimwa damu, shamba la Njoro limeshagawanywa.

Shosho ndiye aliniokoa. Alisema nipewe kiti. Alisema Ndegwa alimaliza msimu mzima akishusha kabichi bila kufungua mdomo, sasa hilo boma la Naivasha angelianza lini? Watu walivunjika mbavu kando ya kaburi. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza wa michoro, akaweka kidole chini ya macho ya yule dereva. Akasema alikuwa anamtazama hivyo hivyo. Hakuna mtu duniani aliyeyajua macho yale ila yeye, na sasa mzee amezikwa nayo, na mimi nimeyapata wapi? Akalia. Wamuyu aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa hajatoa chozi tangu mzee afe.

Nilitaka kumwambia habari za kioo. Nikamsogezea mandazi.

Bi Kuluthum ameshasikia yote. Nakuru ni ndogo. Nitafagia duka mwezi mzima, na amesema kuanzia leo atakagua hadi picha za keki.

Jumamosi, 9 Agosti

Foleni ilifika barabarani. Kibii alikuwa mbele yangu, akaniambia niaje, akanipa nafasi yake eti nisichelewe kazini. Nilichunguza kama ni mtego. Nikachukua nafasi.

Bi Jepkemei ni mwanamke mfupi, ana miwani, anakula njugu huku anasoma. Nilimwekea programu mezani ikiwa wazi kwenye ukurasa wa Kapteni, nikaibana kwa kidole isijifunge. Akakitoa kidole changu. Akarudi nyuma hadi mwanzo. Akasoma kabichi. Akasahau njugu. Akacheka peke yake, kisha akafika kwenye yale macho, akarudia kuyatazama hadi watu wa foleni wakaanza kulalamika.

Aliuliza huyu mzee ni nani, na kama mke wake yu hai. Nikamjibu kwamba huyo ni marehemu tu, aangalie Kapteni. Akasema Kapteni anao wengi mezani, wote wanaruka. Dereva kama huyu hana. Anataka kurasa ishirini za dereva na yule msichana, kabla Agosti haijaisha. Kitabu kizima, peke yake, na jina langu kwenye jalada. Alirudia mara mbili, labda kwa sababu nilikuwa namtazama bila kupepesa macho.

Nikauliza, na Kapteni? Akasema Kapteni hapana.

Nimekaa kwenye ngazi za ukumbi sijui kwa muda gani. Amenikataa. Miaka kumi na tatu, na amenikataa mchana kweupe mbele ya watu. Kibii alitoka akaniuliza imekuwaje. Nikamweleza neno kwa neno. Uso wake uliwaka kwa furaha, akanipa mkono, akasema hongera. Kijana hana huruma hata kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala, nimeamka, nimepata mpango.

Mhariri hajui anachotaka mpaka aonyeshwe. Kwa hivyo nitampa dereva. Ukurasa wa kwanza kabichi, kama alivyoagiza. Wa pili, lori linapitia Olkaria, dereva anashuka kunyoosha miguu, anavuta mvuke. Wa tatu ameshaanza kuruka! Bi Jepkemei ataingia kwa ajili ya kabichi, abaki kwa ajili ya Kapteni. Sijui kwa nini sikufikiria hivi jana.

Shosho amepiga simu mara nne. Amekumbuka mengine. Walipohamia Kiamunyi ilikuwa nyasi tupu, na mzee alilala siku tatu ndani ya lori akilinda mabati. Amekumbuka pia redio yao ya kwanza, na siku mzee alipoomba msamaha kwa kuosha vyombo vyote, hata visivyo vichafu. Anataka niende nikachore kabla hajasahau. Nikamwambia niko mkutanoni. Nilikuwa nakaanga mayai.

Jumatano, 13 Agosti

Shosho tena. Kila simu huanza kwa kuuliza kama nimekula. Leo sikuipokea, nikaiangalia ikilia mpaka ikachoka. Nilijisikia vibaya. Kweli nilitamani kwenda. Kile kiti alichonikalisha Ijumaa kilikuwa kizuri, na hakuna mtu mwingine amewahi kuutazama mchoro wangu akalia. Lakini nikienda huko nitanyweshwa chai mpaka jioni, na Kapteni ataendelea kungoja.

Halafu, saa tano na nusu, nikiwa nafagia, likanijia wazo bora kuliko yote ya maisha yangu. Nimempa shosho namba ya Kibii! Nimemwambia Kibii ni mchoraji kama mimi, ana adabu, na ana muda mwingi. Hivyo shosho anapata mtu wa kumsikiliza, mimi napata utulivu, na Kibii anapotezewa mwezi mzima na redio na vyombo huku mimi namaliza kitabu. Nilicheka mpaka Bi Kuluthum akaniuliza kama nimemeza pini.

Nikamsimulia. Akasema yeye ana duka, na hajawahi kumshika mteja mkono akampeleka hadi duka la jirani. Nikamweleza kwamba sanaa si duka. Akasema anaona.

Jumamosi, 30 Agosti

Nilituma kazi jana. Kurasa ishirini, kumi na nane zikiwa za Kapteni. Sijawahi kuchora vizuri hivyo.

Bi Jepkemei alijibu siku hiyo hiyo, dalili nzuri sana. Ananishukuru. Hatazitumia. Kisha akaniomba nimwelekeze nyumbani kwa shosho huko Kiamunyi, kwani anakuja Jumatatu. Nikamwelekeza vizuri, kuanzia stendi hadi rangi ya geti. Mhariri akikuomba njia, maana yake anakuamini.

Na mpango wa Kibii umefaulu kupita nilivyotarajia! Anaenda Kiamunyi kila jioni tangu tarehe kumi na nne. Amenenepa mashavu. Amejaza daftari tatu. Leo alinisubiri nje ya duka akiwa na bahasha kubwa, akasimama kama mtu aliyeitwa na chifu. Aliniuliza kama mimi kweli sifanyi kitabu cha mzee, na kama nitaona vibaya akikifanya yeye, kwa sababu mhariri ameona daftari zake na amemwomba. Nilijifanya nafikiria. Nikamwambia akichukue chote.

Kibii akanikumbatia pale pale, watu wanapita. Akasema shosho huniulizia kila siku, na kiti changu hakuna anayeruhusiwa kukalia. Nikakohoa kidogo, vumbi ni jingi mwezi huu. Kisha akafungua bahasha. Ilikuwa jalada, bado ni la penseli. Lori, mlango, msichana. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, Kamande, halafu chini yake Kibii. Alisema macho ya yule dereva ameyanakili kwangu, hivyo si haki jina lake liende peke yake. Alisema mhariri amekubali.

Herufi zilikuwa nzuri. Alikuwa amezichora kwa mkono, moja moja, za kwangu kubwa kuliko zake. Nilizitazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Nikamwambia alitoe. Jina langu halitatoka kwa mara ya kwanza duniani likiwa juu ya kabichi. Litatoka na Kapteni, ama lisitoke. Kibii akabisha. Nikakaza. Akanibembeleza, akasema nilale nalo kwanza, nimjibu kesho. Nikakaza. Akatoa kifutio mfukoni, akaanza kwenye K, polepole, akinitazama kila herufi aone kama nitamzuia. Sikumzuia. Nilimshikia hata karatasi isikunjike.

Maskini Kibii. Sasa amefungwa Kiamunyi na yule shosho hadi Krismasi, na mimi uwanja wote nimebaki nao peke yangu.